Kutoboa vidole hakutibu kiharusi
Umesambazwa kwa miaka mingi ujumbe kwamba mtu akipatwa na kiharusi atobolewe kwa sindano ncha za vidole vyote 10 na ndewe za masikio, damu itoke, ndipo apelekwe hospitali. Si kweli, na tunaomba sana usiusambaze. Mshipa ulioziba au kupasuka uko kwenye ubongo. Matone ya kidoleni hayazibui chochote, yanakula muda tu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT (picha ya ndani ya kichwa) kuonyesha hakuna damu iliyovuja.

Ukishuku mtu amepata kiharusi, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka au maneno yakikwama, mwahisheni hospitali, hata dalili zikitoweka. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Asipewe maji wala chakula, maana anaweza kupaliwa. Wala aspirini, kwani huzidisha uvujaji ikiwa mshipa umepasuka.

Akibaki na ulemavu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unatambua haki yake ya huduma za utengamao (za kumrudishia uwezo wake) na ya kurekebishiwa mazingira ya kazi.