Je, wajua kwa nini Wanazi walipiga picha uhalifu wao wenyewe?

Mwizi hapigi picha akivunja duka. Mwenye kutenda ubaya hungoja giza, hufuta nyayo, na akiulizwa huruka kimanga. Sasa fungua kitabu cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwenye sura ya mauaji ya Wayahudi. Utakuta picha tele: akina mama wamepangwa mstari ukingoni mwa shimo, mzee anakatwa ndevu huku askari wakicheka, mateka wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, wamejazana uwanjani kama ng'ombe mnadani. Angalia vizuri mpigaji amesimama wapi. Yuko karibu, hana haraka, hajifichi. Maana yake alikuwa mwenzao.

Na kweli ndivyo. Sehemu kubwa ya picha hizo zilipigwa na Wajerumani wenyewe, maofisa kwa askari wa kawaida, kati ya 1939 na 1945. Kwa nini mtu ajisokotee kitanzi chake mwenyewe?

Tuanze na picha ambayo huenda umeshaiona. Mtoto wa kiume, kofia kichwani, koti, kaptura, mikono juu. Nyuma yake askari ameshika bunduki. Ni Warsaw, Poland, mwaka 1943, wakati Wayahudi waliofungiwa ndani ya geto walipoamua kupigana badala ya kungoja kupakiwa kwenye treni. (Geto la hapa silo lile la kijana aliyeanza kujitegemea, ni mtaa uliozungushiwa ukuta na kulindwa kwa bunduki.) Jenerali wa SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi, aliyepewa kazi ya kuwazima, Jürgen Stroop, alihitimisha tarehe 16 Mei kwa kulilipua sinagogi kuu la mji, kisha akawaandalia wakubwa zake ripoti. Ilijalidiwa kwa ngozi, ikatiwa picha hamsini hivi, na kichwa chake kilikuwa majigambo matupu: "Mtaa wa Wayahudi wa Warsaw haupo tena!" Ndani yake Stroop alihesabu watu 56,065 waliokamatwa au kuuawa, mpaka tarakimu ya mwisho, kama mkandarasi anayedai malipo yake. Picha ya yule mtoto ilikuwa humo.

Kwa hiyo Stroop hakuona kwamba anajitengenezea ushahidi. Aliona anaonyesha kazi. Wakishinda vita, nani angemshitaki? Ripoti ile ikasomwa mahakamani Nuremberg, viongozi wa Kinazi walikoshitakiwa baada ya vita, na mwenyewe akanyongwa Warsaw mwaka 1952. Askari mwenye bunduki pichani, Josef Blösche, aliishi kimya Ujerumani Mashariki miaka mingi baada ya vita, mpaka alipogunduliwa. Alihukumiwa kifo na kuuawa mwaka 1969.

Lakini si picha zote zilikuwa za ripoti. Nyingi ni za kumbukumbu binafsi, na hizi kwangu ndizo zinazotisha zaidi. Kufikia miaka ya 1930 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza kamera ndogo ambazo hata mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua, na vijana wakaingia nazo vitani. Mikanda ilitumwa nyumbani ikasafishwe, askari wakabadilishana picha, wakazibandika kwenye albamu jirani na picha ya mchumba.

Wakubwa hawakuipenda tabia hiyo. Zilitoka amri za kukataza kupiga picha wakati wa mauaji, wala si kwa sababu ya huruma. Walihofia siri kuvuja. Kuna kesi moja inayoeleza hali ilivyokuwa kuliko mihadhara kumi. Ofisa wa SS aliyeitwa Max Täubner aliua Wayahudi kwa mamia huko Ukraine mwaka 1941 kwa uamuzi wake, bila kutumwa, na akapiga picha. Aliporudi alizipeleka kwenye maduka ya picha kusini mwa Ujerumani, akamwonyesha mkewe na marafiki. Mei 1943 akasimamishwa mbele ya mahakama ya SS. Majaji walitamka wazi kwamba kuua Wayahudi, kama kuua, si jambo la kumwadhibu. Makosa yake yalikuwa kukosa nidhamu, ukatili uliowashushia hadhi askari wake, na zile picha, walizoziita za aibu. Akapewa miaka 10. Januari 1945 akasamehewa.

Isome tena hukumu hiyo. Kuua, ruksa. Kuonyesha, kosa.

Sasa twende Latvia, mji wa Liepāja ulio kando ya bahari. Kati ya tarehe 15 na 17 Desemba 1941 zaidi ya Wayahudi 2,700, wengi wao wanawake na watoto, waliswagwa hadi ufukwe wa Šķēde, wakavuliwa nguo kwenye baridi ya Desemba na kupigwa risasi. Mjerumani mmoja wa polisi ya usalama alikuwa na kamera. Mjini humo alikuwapo Myahudi, David Zivcon, fundi umeme aliyeachwa hai kwa sababu ya ufundi wake. Siku moja aliitwa kutengeneza umeme kwenye nyumba ya Mjerumani, akaona mikanda ya filamu. Akaichukua, ikatolewa nakala kwa siri, na akairudisha mahali pake kabla mwenyewe hajagutuka. Nakala akazitia kwenye kisanduku cha chuma na kuzificha zizini. Yeye mwenyewe akaenda mafichoni, akanusurika, akazifukua baada ya ukombozi. Zile picha za wanawake waliokumbatiana mchangani wakisubiri, zinazooneshwa hadi leo katika majumba ya makumbusho, zimetufikia kupitia fundi umeme.

Mateka wa vita nao walipigwa picha kwa wingi, na hapa propaganda ilikuwa na sababu yake. Askari wa Kisovieti aliyelala nje kwa wiki kadhaa bila chakula, mchafu, macho yamezama, alipigwa picha ili raia wa Ujerumani aambiwe: tazama, hawa si watu kamili. Njaa waliisababisha wao, kisha wakaitumia kama hoja. Kati ya mateka wa Kisovieti wapatao milioni 5.7, karibu milioni 3.3 walikufa mikononi mwa Wajerumani, kwa njaa, baridi, magonjwa na risasi. Kuna mahali misiba hii miwili inakutana ndani ya mkanda mmoja. Katika bonde la Babi Yar, Kyiv, Wayahudi 33,771 waliuawa ndani ya siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Siku chache baadaye mpiga picha wa kikosi cha propaganda, Johannes Hähle, alifika na filamu ya rangi. Alipiga nguo zilizotapakaa, mguu wa bandia uliobaki bila mwenyewe, na kundi la mateka wa Kisovieti wakilazimishwa kusawazisha udongo juu ya maiti. Picha hizo hakuzikabidhi ofisini kwake.

Waafrika nao wamo. Juni 1940, Ufaransa ikielekea kushindwa, vikosi vya makoloni yake ya Afrika Magharibi viliendelea kupigana karibu na Lyon. Huko Chasselay, Wajerumani waliwatenga mateka weusi na wenzao Wazungu, wakawapeleka uwanjani, wakawamiminia risasi za bunduki za rashasha kutoka kwenye vifaru. Mahali pale pana makaburi yanayoitwa Tata, ukuta mwekundu wa mtindo wa Afrika Magharibi katikati ya mashamba ya Ufaransa. Kwa miaka mingi habari ilitegemea maneno ya walioshuhudia. Mwaka 2019 zikaibuka picha 8 zilizopigwa siku ile, ndani ya albamu ya askari wa Kijerumani.

Makambini, picha ilikuwa kazi ya ofisi. Auschwitz na Mauthausen zilikuwa na idara ya kupiga picha za utambulisho, na kazi ya chumba cha giza ilifanywa na wafungwa wenye ujuzi. Mauthausen, nchini Austria, alikuwapo Mhispania Francesc Boix, kijana wa Barcelona aliyezaliwa 1920, mpiganaji wa upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, aliyekimbilia Ufaransa na kutekwa huko. Picha za mahabusu waliouawa zilipita mikononi mwake, maiti wamelazwa kando ya uzio ili ionekane walipigwa risasi wakitoroka. Baada ya Ujerumani kushindwa Stalingrad ikatoka amri ya kuharibu kumbukumbu hizo. Boix na wenzake wakaanza kuficha negativu, yaani filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, moja moja. Vijana wa Kihispania waliokuwa wakitoka kila siku kwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe wakazibeba nje vifurushi kwa vifurushi, na mama mmoja wa kijijini, Anna Pointner, akazificha kwenye ukuta wa bustani yake. Ukifikiria angefanywa nini kama angekamatwa, utaelewa kwa nini namtaja kwa jina.

Negativu takriban 2,000 ziliokolewa. Januari 1946 Boix alisimama Nuremberg, picha zikaoneshwa ukutani. Alipoulizwa kama kuna mshitakiwa yeyote humo ndani aliyewahi kuitembelea kambi, akamnyooshea kidole Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler.

Zipo pia picha chache zilizopigwa na waliohukumiwa kufa. Agosti 1944, Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, wafungwa wa Kiyahudi waliolazimishwa kuchoma maiti waliingiza kamera kwa siri. Zikapatikana picha nne. Mbili zimepigwa kutokea ndani ya jengo, giza la mlango limezunguka moshi. Ya mwisho imetoka vichwa vya miti tu, kwa sababu mpigaji hakuthubutu kuinua kamera hadi jichoni. Mkanda ulitolewa kambini ndani ya tyubu ya dawa ya meno. Ukizilinganisha na zile za Stroop, zilizotulia na kupangika, utajua mara moja nani alikuwa na hofu.

Tahadhari moja lakini. Picha haijui kusema maelezo yake yenyewe. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti ya Hamburg ilizungusha maonyesho kuhusu uhalifu wa jeshi la kawaida la Ujerumani, na watu wakafoka, maana wengi walipenda kuamini kwamba lawama zote ni za SS. Mwaka 1999 maonyesho yakasimamishwa: wanahistoria walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya maiti pichani waliuawa na polisi wa siri wa Kisovieti kabla Wajerumani hawajafika. Tume ikapitia picha zote 1,433 na kukuta zisizohusika hazifiki 20. Hoja kuu ilibaki imesimama, ila wapinzani walikuwa wameshapata la kusema.

Niliyoiacha mwisho ni albamu. Aprili 1945, kambi ya Dora, Ujerumani, binti wa Kiyahudi wa miaka 18 aitwaye Lili Jacob, mgonjwa wa homa ya chawa, aliingia kwenye mabweni waliyoyakimbia SS akitafuta kitu cha kujifunika. Ndani ya kabati akakuta albamu. Akafunua, akamwona rabi wa mji wao. Akafunua tena, akawaona wadogo zake wawili wa kiume wamevaa makoti yao. Zilikuwa picha karibu 200 zilizopigwa na SS Birkenau majira ya Mei 1944, siku zile zile alizoshushwa yeye kwenye treni pamoja na wazazi na ndugu zake watano. Amebaki peke yake, na picha ya mwisho ya nyumba yao imepigwa na waliowaua.

Lili aliitunza miaka mingi, akatoa ushahidi nayo mahakamani Frankfurt, na mwaka 1980 akaikabidhi Yad Vashem, jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, Jerusalem. Kabla ya hapo manusura wengine walikuwa wakimtembelea na kuifunua taratibu. Aliyemtambua mtu wake, Lili alimruhusu kuibandua picha na kwenda nayo. Ndiyo maana kwenye kurasa zake kuna nafasi tupu.