Je, wajua kwa nini Jumamosi kazi huisha saa saba mchana?

Pita Barabara ya Sokoine pale Arusha, Jumamosi saa saba na robo mchana. Ofisi moja baada ya nyingine inafungwa na wafanyakazi wanatawanyika, wengine wakishuka soko la Kilombero kununua mahitaji ya wiki. Moshi mjini nako ni hivyo hivyo. Kwa nini saa saba, wala si sita au nane?

Sheria haiitaji Jumamosi popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka mipaka mitatu tu ya saa za kawaida: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku. Kuzigawa hizo 45 ni kazi ya mwajiri na mwajiriwa wake. Sasa piga hesabu. Ukiingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni umekaa kazini saa tisa, toa moja ya chakula, zinabaki nane. Jumatatu hadi Ijumaa inakuwa 40. Tano zilizobaki zinaangukia Jumamosi: saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana.

Kuna faida nyingine imejificha hapo, na ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mapumziko ya dakika 60 ni haki ya aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Tano kamili hazijazidi tano, kwa hiyo Jumamosi hakuna muda wa chakula wa kupanga. Bosi akisema "malizia kidogo tu" hadi saa 7:10, amevuka mistari miwili kwa mpigo: wiki imepita saa 45, na mapumziko yameanza kudaiwa.

Nusu siku yenyewe ni ya kale kuliko sheria yetu. Uingereza ilikuwa imeagiza tangu 1850 kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi Jumamosi saa 8 mchana. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, nao uliweka kikomo cha saa 48 kwa wiki viwandani. Sisi tuko saa tatu chini ya hapo.

Ratiba ya ofisi ni rahisi kuiandika kwenye mkataba. Ugumu unaanza kwa wanaobaki kazini ofisi zikifungwa.

Chukua mlinzi. Lindo la saa 12, jioni hadi asubuhi, siku sita kwa wiki: wengi wanaliona jambo la kawaida. Hata ukimpa saa moja ya kupumzika kila usiku, anafanya saa 66 kwa wiki. Toa 45 za kawaida, ovataimu inabaki 21. Kwa wiki nne ni 84, na sheria inaruhusu 50 tu katika kipindi hicho. Hapa huwezi kujitetea kwamba "lakini tunamlipa", maana kikomo ni cha saa na pesa haikiondoi.

Njia halali ipo, na ni lazima iandikwe. Sheria inaruhusu wiki iliyobanwa: mfanyakazi akubali kwa maandishi kufanya hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani yake, bila ovataimu kwa siku hiyo. Masharti ni siku zisizozidi tano, saa 45 za kawaida, na ovataimu isiyozidi saa 10 kwa wiki. Jaribu kujumlisha: saa 11 za kazi mara tano ni 55, yaani 45 na 10 barabara. Malindo matano yanaingia, la sita halina nafasi. Kampuni inayotaka geti lisibaki wazi iajiri mtu wa kupokezana.

Usiku nao una bei yake. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa ya kazi inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kupata mshahara wa saa moja, sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za wiki, ambayo kwa saa 45 ni kama 195. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 390,000: saa moja ni 2,000. Ya usiku inaongezeka 100. Ya ovataimu, ambayo ni mara moja na nusu, inakuwa 3,000, na ikifanyika usiku ile asilimia 5 inapigwa kwenye 3,000. Sikukuu ya kitaifa au siku yako ya mapumziko ya wiki ni mara mbili, 4,000. Mkataba unaotaja mshahara wa mwezi bila kutaja saa za wiki umekunyima namba ya kugawia.

Kwa watu wa utalii mambo yanazunguka zaidi. Juni hadi Oktoba loji zinajaa, Aprili na Mei mvua zinawakimbiza wageni na baadhi ya kambi zinafungwa. Sheria inaruhusu saa zipimwe kwa wastani wa kipindi kirefu, kisichozidi mwaka mmoja: wastani wa saa 40 za kawaida na 10 za ovataimu kwa wiki. Lakini hilo linahitaji mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Meneja hawezi kulitangaza kwenye kikao cha asubuhi. Na dereva anayeambiwa "pumzika, ila usitoke, wageni wanaweza kukuhitaji" anastahili kulipwa muda huo, kwa sababu ametakiwa kuwa tayari kwa kazi.

Kwa hiyo mkataba uandike nini? Siku za kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, muda wa mapumziko, siku ya mapumziko ya wiki, na kama kuna zamu, zinavyopokezana. Ovataimu itajwe kuwa ni ya makubaliano. Na tafadhali, andikeni "asubuhi" au "usiku". Kuna mikataba inayosema "saa 8:00 hadi 5:00", na mfanyakazi mpya akija saa nane mchana hajakosea kusoma. Sentensi ya kuikimbia ni ile ya "atafanya kazi kwa muda utakaopangwa na mwajiri". Masharti yakibadilika, maandishi nayo yabadilishwe baada ya kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi.

Kundi moja halimo katika mipaka hii: anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa juu. Ndiyo maana baadhi ya waajiri wanapenda kugawa vyeo. Kuitwa supavaiza huku hakuna unayemsimamia hakukutoi kwenye saa 45.

Na kama mkataba haupo kabisa? Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje. Anatakiwa kuyahifadhi hata miaka mitano baada ya ajira kwisha. Mfanyakazi naye ana muda wake: anayepinga kuachishwa kazi hufungua shauri ndani ya siku 30, na madai mengine, ovataimu ikiwemo, ndani ya siku 60.