Simu ya intaneti kwa nyumba: spidi si ndo shida

Kazi yangu ni netiweki, nafunga ruta na simu za ofisi hapa Nairobi, na siku hizi kuna swali haliishi, kama mtu aweke simu ya intaneti nyumbani, yaani simu ya mezani inayopitisha sauti kwa intaneti badala ya laini ya simu. Karibu kila mtu anaanza na spidi, ati niko na fiba ya Mbps 10, itatosha? Itatosha na ibaki. Simu moja ya sauti safi, ile njia ya kugeuza sauti kuwa data (kodeki) inaitwa G.711, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na zingine kama hizo kurudi, yaani ukipiga stori saa nzima hata MB 100 hufikishi. Hiyo tuiweke kando.

Angalia kuchelewa. ITU, wale wanaoweka viwango vya simu duniani, wanataka sauti isipite milisekunde 150 kutoka mdomo wako hadi sikio la mwenzako, ikizidi sana mnaanza kukatizana. Waliopiga simu za nje kwa setilaiti, kabla nyaya za baharini kama SEACOM kufika Mombasa 2009, wanakumbuka vizuri, unasema halo, unangoja, mnasema halo pamoja. Fiba ilipunguza hiyo sana, kilichobaki ni pakiti, vile vipande vidogo vya sauti vinavyotumwa kwa intaneti, kufika bila mpango, zinatoka zikiwa zimepangana poa halafu zinafika kama matatu za Thika Road jioni, unangoja weee alafu tatu zinakuja zimefuatana. Na simu haina subira, pakiti ikichelewa inatupwa, ndo unasikia mtu anaongea kama roboti. So usipime saa nne asubuhi mtaa ukiwa kazini, pima saa mbili usiku watoto wakiwa YouTube, na simu iwe imechomekwa kwa ruta na waya, si waifai.

Sasa stima, na hapa ndo mimi hubishana na wateja. Simu ya mezani ya zamani ilikuwa inapata umeme kwa ile ile waya ya shaba, volti 48 kutoka kituo cha simu, esteti nzima inaweza kuwa giza na bado inalia. Hii yetu inataka ruta iwake, kile kiboksi cha fiba ukutani kiwake, na simu yenyewe iwake. UPS ndogo ya ruta, ile betri ya akiba, inasaidia bora ibebe vyote, lakini kuna mitaa vifaa vya kampuni ya intaneti huko nje havina bakap, hapo ruta yako itawaka vizuri tu na mtandao haupo. Stima ikipotea, uliza jirani wa kampuni hiyo hiyo mwenye UPS kama intaneti yake imebaki, ndo ununue yako.

Kwa hivyo namba za dharura, 999 na 112, usizitegemee kwa hii simu, na laini yako ya kawaida usiitupe, M-Pesa inaihitaji na zile namba za siri benki hukutumia kwa SMS pia.

Nani basi aweke? Kama unapigia watu wa hapa Kenya tu, mimi sioni faida, dakika za bando ni bei ya chini tayari. Na kama familia yote iko WhatsApp, bana, hiyo pia ni simu ya intaneti, unayo tayari. Anayefaidika kweli ni mwenye biashara ya nyumbani anayetaka namba ya 020, ya mezani ya Nairobi, au mzazi pale Buruburu asiyetaka mambo ya simu za kugusa na mtoto wake ako London. Huyo unamwekea adapta, kile kiboksi cha kuunganisha simu ya kawaida na ruta, kwa simu yake ya vibonyezo, namba inakuwa ya Uingereza, mtoto anapiga kwa bei ya kwao na mama anainua mkono wa simu vile amezoea.

Ukishaweka, mkiongea na upande mmoja tu ndo unasikika, usikimbilie kubadilisha simu. Ingia kwa mipangilio ya ruta utafute SIP ALG, kile kitu kinachojaribu kusaidia simu za intaneti lakini mara nyingi huzivuruga, uizime, alafu jaribu tena. Ikikataa uliza kampuni yako kama umewekwa kwa anwani ya intaneti (IP) ya kushirikiana na wateja wengine, na kama wanaweza kukupa yako peke yako, ingawa kwa hiyo wengine watakuitisha pesa kidogo kila mwezi.