Kubalehe si siku moja

Bado nasikia, hata kwa watu waliosoma, kwamba binti "amebalehe" siku alipoona hedhi ya kwanza, na kwamba hadi jana yake alikuwa mtoto tu. Tukio hilo lina jina lake: kuvunja ungo. Balehe ni kitu kipana zaidi.

Kwa ufupi, ni kipindi ambacho mwili wa mtoto hubadilika hadi kuweza kuzaa. Huanzia kwenye ubongo: hipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni zinazochochea ovari au korodani. Shughuli hiyo huchukua miaka.

Mkanganyiko wenyewe una chanzo cha heshima. Neno tumelipata kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni kufika. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, aliyebalehe ni aliyefikia kuwajibika: swala na saumu zimeshamlazimu. Sheria ya namna hiyo haiwezi kwenda bila mpaka, na alama zake zinajulikana: hedhi kwa msichana, kutokwa na manii kwa mvulana, na zisipoonekana, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi pwani, kutimiza miaka 15 ya Hijria. Sheikh akisema kijana fulani amebalehe, yuko sahihi kabisa.

Tatizo linaanza tunapoichukua "amebalehe" ya sheikh na kuipeleka kliniki au darasa la biolojia. Huko kuna "anabalehe" kwanza, tena kwa muda mrefu. Daktari Mwingereza James Tanner aliyagawa mabadiliko haya katika hatua tano, na hedhi ya kwanza haimo katika zile za mwanzo. Kwa kawaida huja miaka miwili hivi, au zaidi kidogo, baada ya matiti kuanza kuota, wakati ile kasi kubwa ya kurefuka imeshapita kilele. Yaani gauni la sikukuu lililomfupia binti ghafla lilikuwa limeshatoa habari mapema.

Dalili ya kwanza kwa wasichana wengi ni kivimbe kigumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kwanza, kinachouma kikiguswa. Hutokea kati ya miaka 8 na 13, na mama wengi hushtuka wakidhani ni jipu. Kwa wavulana ni korodani kukua, kati ya miaka 9 na 14, jambo ambalo hakuna anayeliona. Sauti nzito na ndevu, ambazo ndizo sote tunazisubiri, huja nyuma sana.

Kwa hiyo tusiseme binti mwenye kivimbe hicho hajabalehe, eti kungwi atamwita akishavunja ungo. Anabalehe tayari, na maelezo ya hedhi na pedi anayahitaji sasa, kabla hajakuta doa kwenye sketi ya shule.