Fundi wa Třeboň: jina hana, mkono wake tunaujua

Swali tunaloulizwa sana sisi watu wa makumbusho ni "sasa huyu mchoraji anaitwa nani?" na ukijibu jina halipo mtu anakuangalia kama vile umezembea kazini. Jamani, karne ya 14 mchoraji alikuwa fundi kama seremala. Praha, mji mkuu wa Cheki, walikuwa na chama chao cha mafundi tangu 1348, oda inatoka kwa kanisa au kwa bwana mwenye ardhi, kazi inaisha, analipwa, basi. Kusaini nani aanze?

Huyu tunamwita Fundi wa Altare ya Třeboň, jina tumempa sisi wa baadaye. Třeboň ni mji wa kusini mwa Cheki, watawa Waagustino walifungua monasteri pale 1367 na kama 1380 hivi wakapata altare yake kanisani, yaani mbao za picha zinazosimama nyuma ya meza ya ibada. Zimebaki mbao tatu tu, zimechorwa pande zote mbili maana zilikuwa milango ya altare, upande mmoja watakatifu watatu watatu, upande wa pili Yesu Mlima wa Mizeituni, kuzikwa na kufufuka.

Hiyo ya kufufuka ndiyo nawaomba msogelee. Yesu yuko nje tayari, joho jekundu, mbingu nyuma yake nyekundu ina nyota za dhahabu, halafu cheki kaburi: kifuniko kimefungwa na mihuri haijavunjwa hata mmoja! Askari anakodoa macho haelewi katokea wapi. Mimi hapo huwa nakaa muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu. Kwenye ile ya Mizeituni nako, Yesu anatokwa jasho la damu, wanafunzi wamelala fofofo, na juu ya miti vindege vimetulia zao kama hakuna kinachotokea.

Rangi zenyewe ni tempera, yaani unga wa rangi umekorogwa na kiini cha yai, ubao ukiwa umeshapakwa gundi na chaki tabaka kwa tabaka na kusuguliwa mpaka ukateleza. Sasa shida ya yai linakauka haraka mno, huwezi kuburuza rangi taratibu kama ya mafuta, inabidi uchore vistari vyembamba kama nywele kimoja kimoja, lakini kwa huyu jamaa nyuso zinatoka laini na kivuli kinayeyuka gizani hujui kimeishia wapi. Weka na miili mirefu myembamba na vidole virefu, huo ndio mwandiko wake, kama unavyojua barua ya mama kabla hujafika mwisho.

Altare yenyewe ilikuja kuvunjwa karne ya 18, mbao zikaishia kwenye vikanisa vya vijiji vya jirani, leo ziko Jumba la Taifa la Sanaa, Praha, kwenye monasteri ya zamani ya Mtakatifu Agnes. Na kwa mwandiko huohuo wataalamu wamemuunganisha na kazi nyingine, mfano picha iitwayo Bikira Maria wa Roudnice, ingawa kwa huyo bado watu wanavutana kama ni mkono wake mwenyewe au wa vijana wa karakana yake.