Kuelea kwa mfuko hakutoshi kumlinda samaki mgeni

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo mjini Kampala huamini kwamba mfuko wa maji uliombeba samaki mpya ukishaelea ndani ya tangi la kioo kwa dakika 15, samaki anaweza kumiminwa humo pamoja na maji yake. Kuelea huko husawazisha joto tu. Kiwango cha tindikali hubaki tofauti, na vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe, ambavyo mwanzoni havionekani kwa macho, huweza kuingia pamoja na mgeni na kuwadhuru wenyeji wote. Linganisha maji ya mfuko na ya tangi kwa karatasi za kupimia tindikali. Kisha mzoeshe samaki maji mapya taratibu, umhamishe kwa wavu hadi chombo cha pembeni, na umchunguze humo wiki 2 hadi 4.