Mapenzi ya Upande Mmoja: Maud Gonne Hakumtenda Mtu

Mapenzi ya upande mmoja ni pale mtu anapompenda mwenzake, naye mwenzake hampendi kwa namna hiyo wala hajamwahidi chochote. Siku hizi jina hilo anapewa kila aliyeachwa solemba: aliyevunjiwa uchumba, aliyesalitiwa na mke, hata aliyekwisha kutoa mahari. Hao wana kesi nyingine kabisa. Palipokuwa na ahadi ikavunjwa, pana mkosaji; katika mapenzi ya upande mmoja hayupo, na hapo ndipo wasimuliaji wanapoteleza, hasa mwanamke akiwa mwasi.

Mtazame Maud Gonne, mwanaharakati aliyepigania uhuru wa Ireland. Mshairi W. B. Yeats alikutana naye London mwaka 1889, akampenda. Alimposa mwaka 1891 akakataliwa. Akarudi mwaka 1899, 1900 na 1901, jibu likawa lile lile. Katika miaka hiyo Gonne alikuwa akiwatetea wakulima waliofukuzwa na makabaila, akaanzisha chama cha wanawake, Inghinidhe na hÉireann, yaani Mabinti wa Ireland, na mwaka 1902 akapanda jukwaani Dublin katika tamthilia ya Yeats na mwandishi mwenzake Lady Gregory, akiigiza kikongwe anayewaita vijana waipiganie nchi. Mwaka 1903 aliolewa na John MacBride, aliyekuwa amepigana upande wa Makaburu dhidi ya Waingereza. Ndoa hiyo haikudumu, na Waingereza walipompiga risasi MacBride baada ya uasi wa Pasaka wa 1916, yaani uasi wa Waairishi dhidi ya utawala wa Uingereza, Yeats aliposa tena. Akakataliwa tena.

Kwa hayo Gonne huitwa mwasi mwenye moyo wa jiwe, kana kwamba kuipinga dola na kumkataa mposaji ni tabia moja. Uasi huhitaji mamlaka ya kuasiwa, na mposaji hana mamlaka yoyote juu ya anayemposa. Ni kweli kwamba hadi mwaka 1898 alimficha Yeats kuwa amezaa na Mfaransa Lucien Millevoye, na kufichwa kunauma. Lakini hata hapo hakuwa amemwahidi ndoa.

Yeats mwenyewe, katika shairi lake «No Second Troy» lililochapishwa mwaka 1910, anaanza kwa kujiuliza kwa nini amlaumu. Basi anayesimulia habari zao aseme kwamba Yeats alimpenda, na Gonne hakuwa tayari kuwa mke wake. Neno «alimtenda» tuwaachie waliovunjiwa ahadi.